Maji ya Jumamosi

Simu ya kutoka Likasi ilinikuta nyumbani kwangu Lubumbashi nikichambua maharagwe. Aliyepiga alikuwa mpwa wangu, na hakuzungusha maneno. "Mama Marceline, Aligusa amekufa." Nikaacha maharagwe. Mpwa huyo alizaliwa muda mrefu baada ya mambo yenyewe, na nina hakika hajui kwamba marehemu alikuwa na jina jingine. Kanisani alibatizwa Silvestre, na kwenye karatasi za kazi, miaka ile majina ya Kikristo yalipokatazwa, aliandikwa Mwila. Kwa kambi nzima ya wafanyakazi alikuwa Aligusa, basi. Jina hilo halikutoka kinywani mwangu, lakini mimi ndiye niliyemsababishia, na kwa umri nilio nao sioni faida ya kukwepa. Asubuhi iliyofuata nilipanda gari kwenda kwenye kilio, nikiwa na kitenge cheusi mfukoni na jambo moja la kusema ambalo nilikuwa nimelichelewesha tangu usichana.

Mwaka wenyewe nilikuwa na miaka kumi na tisa, nikipiga mashine ya kuandika katika ofisi ya ghala za Kampuni, Likasi. Tulisema Kampuni tu, kwa sababu hakukuwa na nyingine. Ndiyo iliyotupa nyumba, unga, hospitali na king'ora cha kutuamsha. Ilikuwa pia na Serkle, mahali pa kupumzikia makada, yaani wakubwa wa kazi, penye baa, uwanja wa tenisi na bwawa la kuogelea ambalo sote tuliliita pisini. Sisi wa kambi tuliingia Serkle siku moja tu, Jumamosi, tukiwa na mifagio. Pampu ya kusafishia maji ilikuwa imeharibika na kipuri chake kilisemekana kiko njiani kutoka Ulaya, kwa hiyo pisini ilijazwa Jumapili, Jumatatu maji yalikuwa ya buluu ya kupendeza, na kufikia Ijumaa yalikuwa ya kijani kama mchuzi wa mboga ya lengalenga. Jumamosi asubuhi yalifunguliwa yaende zao. Na kwa kuwa Jumamosi ilikuwa siku ya salongo, ile kazi ya lazima ambayo serikali ilimdai kila raia, kambi iliitwa kuja kusugua kuta za pisini kadiri maji yalivyoshuka. Ndivyo tulivyooga. Anayesugua ukuta wenye maji hana budi kuingia majini, na hakuna kada aliyeweza kutukataza maji ambayo yeye mwenyewe asingeyatia hata kidole.

Mwenye funguo za pisini alikuwa Papa Silvestre, mtu mrefu mwenye miguu mikavu, mzaliwa wa upande wa Kapolowe, ambako alijifunza kuogelea akivua samaki katika ziwa la Lufira kabla Kampuni haijamwandika. Alikuwa mwimbaji wa kwaya na mtu wa kuchosha kwa ukweli. Akichelewa kazini dakika tano alikwenda mwenyewe kwa msimamizi kusema amechelewa. Alikaa katika chumba cha pampu, chini ya baraza ya baa, chumba chenye joto hata Julai, chenye harufu ya klorini na makaa, benchi moja, kalenda ya misheni ya mwaka uliokwisha pita, na dirisha dogo la wavu lililotazama miguu ya wanywaji. Mkewe, Mama Felisi, alimletea chakula pale saa sita, bukari, ugali wetu, iliyofungwa kwa kitambaa na samaki wa thomson aliyekaangwa kwa nyanya nyingi. Nilikula pale Jumamosi nyingi. Leo nikisikia harufu ya klorini njaa inanishika, na watoto wangu wananicheka.

Mimi sikuanza kwa ushujaa wowote. Jumamosi moja ya Mei nilikuwa nimeingia katika chumba cha pampu kurudisha brashi, na juu yetu, barazani, walikuwa wamekaa Injinia, Mzungu aliyependa sana michezo, na Mkuu wa Watumishi, mwenzetu, aliyevaa abakosti, ile suti ya serikali isiyo na tai, hata akiwa na kiu. Walizungumza Kifaransa, wakidhani chini ni mabomba tu. Injinia alieleza mashindano mapya aliyoyasoma katika gazeti la kwao, triatlo, ya mtu mmoja kuogelea, kupanda baiskeli na kukimbia bila kupumzika. Alitaka kuyafanya Desemba, siku ya Mtakatifu Barbara, msimamizi wa wachimba madini: kuvuka mkono wa ziwa la Lufira, kurudi kwa baiskeli mpaka mwanzo wa mji, na kumalizia kwa miguu mpaka Serkle. Na alitaka kambi ishiriki. Mkuu akacheka mpaka nikasikia glasi ikigonga meza. Akasema watu wa kambi majini ni mawe. Akasema mmoja wao, mmoja tu, akimaliza yote matatu bila kuinuliwa na mtu, yeye mwenyewe atawapa kambi Alhamisi ya kila juma, pisini ikiwa imejaa, watoto na wote. Injinia akamwambia aandike. Akaandika, na Jumatatu mimi ndiye niliyepewa karatasi ile niipige mashine.

Lazima niseme Alhamisi ile ilikuwa na maana gani. Watoto wa kambi walikuwa wanaoga katika mfereji nyuma ya ghala, na walikuwa wakirudi na ngozi zinazowasha, wakijikuna mpaka damu. Nilikuwa na wadogo zangu wawili wa namna hiyo, nikiwapaka mawese kila jioni. Papa Silvestre alikuwa amesikia kila neno kama mimi. Alimaliza kuchambua mwiba wa samaki, akaniuliza, "Umesikia?"

"Nimesikia, papa."

"Mafundi mbili ya atelie batayandikisha, najua. Bako na nguvu, lakini habana pumzi. Weye uko na pumzi, naisikiaka ku kwaya. Uko na woga?"

"Niko na woga mingi."

"Ni muzuri. Ingia mu mayi."

Siku ile ya kwanza nilishika ukingo kwa mikono miwili na kunywa maji ya kijani ambayo tumbo langu liliyakumbuka mpaka Jumanne. Papa alichuchumaa juu yangu akiwa na suruali iliyokunjwa. "Puliza! Tumbukiza uso, upulize. Kama unawasha mbabula!" Hilo nililielewa. Kila mwanamke wa Likasi anajua kupuliza jiko la makaa, polepole, kwa muda mrefu, bila kujijaza moshi. Nilipuliza majini, nikageuza shingo, nikavuta, nikapuliza. Kufikia Juni niliweza kwenda ukuta kwa ukuta. Julai maji yalikuwa na baridi ya kuuma meno, na mafundi wawili wa karakana, waliokuwa wameandikisha majina yao kama alivyotabiri, wakaacha kuja wakisema watajizoeza ziwani siku yenyewe. Mimi nilibaki. Nilivaa maiyo ya kuogelea niliyoishona mwenyewe kwa kitambaa cha sketi ya shule, na wanawake waliokuwa wakisugua kuta walisema mambo kuhusu mapaja yangu ambayo sitayaandika. Mama Felisi aliwajibu kwa niaba yangu. "Muache mutoto! Hii mapaja itabaletea Alhamisi."

Namna ya kuzoea kuogelea muda mrefu aliibuni Papa, na ilitokana na pisini yenyewe. Vali ilifunguliwa saa mbili asubuhi, na maji yalichukua mpaka baada ya saa sita kuisha. Upande wa kina kidogo ulikauka kwanza, hivyo urefu wa kuogelea ulizidi kupungua, mpaka mwishoni kilibaki kidimbwi upande wa kina kirefu, nami nazunguka ndani yake kama bata. Sheria yake ilikuwa moja. Naingia vali inapofunguliwa, nasimama magoti yanapogusa vigae. Hapo katikati, hapana. "Mayi njo itakuachia," alisema. "Haina weye kuachia mayi." Mwanzoni nilidanganya, nikisimama nyuma ya wasuguaji, na yeye aliniona kila mara na kusema kwa sauti, mbele ya watu wote, "Marceline amesimama." Hakukasirika. Alitoa taarifa tu. Kufikia Septemba sikusimama tena. Nilijua sasa kwamba uchovu una zamu zake, unakuja mabegani, unahamia shingoni, unakata tamaa, unarudi, na kwamba mara ya tatu unaporudi vigae viko karibu. Nilikuwa nikilisubiri lile goti kugusa kama mtu anavyosubiri king'ora cha kutoka kazini. Wala Papa wala mimi hatukuona kasoro katika jambo hilo. Tulijivunia sana.

Baiskeli na mbio sikuvihofia. Nilikwenda kazini nikikimbia, na jioni Papa aliniazima baiskeli yake nzito isiyo na breki, niende mpaka njia ya Kambove na kurudi. Kambi ilianza kunisalimia. Mashemasi waliniuliza habari ya mabega. Mama mmoja ambaye hakuwahi kunipenda alinipa kuku mzima. Nilifurahi, kwa nini niseme uongo? Nilikuwa msichana wa mashine ya kuandika, na sasa nikipita watu walikuwa wakisimama.

Siku ya Mtakatifu Barbara mvua ilikuwa imenyesha alfajiri na ziwa lilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Tulipelekwa kwa lori la Kampuni. Kila mwogeleaji alipewa mtumbwi wa kumsindikiza, na ndani yake mpiga kasia aliyekuwa pia shahidi. Anayegusa mtumbwi ametoka, sheria ilikuwa hiyo, na Injinia aliisoma mara mbili kwa Kifaransa na mara moja kwa Kiswahili chake kibovu. Mimi nilipewa Papa Silvestre. Mafundi wawili wa karakana waliinuliwa kabla hata hawajaziacha zile nyasi za ukingoni, mmoja akilia, "Mamba!" Mbele walikuwa makada vijana na Injinia. Nyuma nilikuwa mimi, na kambi yote ilikuwa nyuma yangu, hata wale waliobaki Likasi.

Nilienda vizuri. Nilipuliza, nikageuza, nikavuta. Mtumbwi ulikuwa kushoto kwangu, mbali, kama ilivyoamriwa. Uchovu ulikuja mabegani, ukahamia shingoni, ukaondoka. Ukarudi. Ukaondoka tena. Uliporudi mara ya tatu nilikuwa nimeshaona miti ya ng'ambo, na muda ulikuwa hata haujafika nusu ya Jumamosi zangu. Hapo mguu wangu wa kulia ukashuka wenyewe. Sikuuamuru. Ulishuka kutafuta kigae, kwa sababu kila Jumamosi kwa miezi saba, mara ya tatu, kigae kilikuwepo. Hakikuwepo. Chini yangu palikuwa na baridi na hakuna kitu, na mguu wa pili ukaufuata wa kwanza, na mwili wangu mzima ukasimama wima ndani ya maji yasiyo na chini, ukisubiri. Nikanywa maji. Nikaita, au nilidhani nimeita. Nilipiga mikono bila mpango, na kisha palikuwa na ubao wa mtumbwi chini ya kiganja changu, wenye utelezi na uhakika. Nikaushika. Nilivuta pumzi tatu, nazikumbuka moja moja. Uso wa Papa ulikuwa juu yangu, umekunjamana, na macho yake hayakunikwepa. "Puliza," alisema. Nikaachia, nikaenda.

Nikavuka. Nilipanda baiskeli isiyo na breki katika matope, nikaanguka mara mbili, nikakimbia na goti linalovuja damu, na nilipoingia lango la Serkle nilikuwa wa mwisho kati ya waliofika, na kambi ililia kama nimefufuka. Walinibeba. Mdogo wangu wa mwisho alikuwa ameshavua shati, tayari kwa Alhamisi. Katika kelele ile nilikuwa nimeshajiambia kwamba pumzi tatu si kitu. Barazani Injinia aliwaita mashahidi mmoja mmoja, na kila mmoja akasema, hakugusa, hakugusa. Papa Silvestre alivua kofia.

"Aligusa," alisema.

Injinia, ambaye nadhani aliumia kuliko Mkuu, aliuliza, "Mara ngapi?"

"Moja."

Kisha Injinia akanigeukia mimi, akaniuliza kwa upole kama ni kweli. Watu wote walisogea karibu, hata wale wa baa. Ningeweza kusema ndiyo. Alhamisi ilikuwa imeshapotea kwa neno la Papa, neno langu lisingeipoteza zaidi, na lingemwacha mzee yule na jina lake. Nilitazama goti langu. "Sikumbuki," nikasema.

Kambi ilichukua sikumbuki yangu na kuifanya hapana. Nani angewalaumu? Walikuwa wameniona na damu. Yeye walikuwa wamemwona na kofia mkononi mbele ya Mkuu. Wakasema alipewa kitu. Wakasema ni wivu, wakasema watu wa Kapolowe ndivyo walivyo. Watoto walianza Jumatatu asubuhi, alipopita na baiskeli yake. "Aligusa! Aligusa ye!" Kanisani benchi lake lilibaki na nafasi pande zote mbili, na kwaya ikapata sauti nyingine nzito. Baada ya Mwaka Mpya kipuri cha pampu kikafika kweli, maji ya pisini hayakuhitaji tena kumwagwa, na Jumamosi zetu zikaisha. Hilo nalo akabebeshwa yeye, ingawa lilitoka Ulaya kwa meli.

Nilikutana naye mara moja tu, njiani karibu na soko, Februari. Nilikuwa na wenzangu wa ofisini. Aliteremka baiskeli. Nilidhani atanitukana, na kusema kweli nilitamani anitukane.

"Mabega haiumi?" akauliza.

"Haiumi, papa."

"Aya, muzuri." Akapanda, akaenda. Mmoja wa wenzangu alisema, tazama haya yake ilivyo ndogo. Nami nikacheka pamoja nao. Kicheko hicho ndicho kitu kibaya kuliko vyote nilivyofanya, kwa maana ile "sikumbuki" niliisema nikiwa nimechoka, lakini nilipocheka nilikuwa nimepumzika vizuri. Mwaka huo huo niliomba uhamisho kwenda Lubumbashi, nikaupata.

Kilio kilikuwa katika nyumba yao ile ile ya kambi, na rangi ya milango haikuwa imebadilika. Wanawake walikuwa wamekaa kwenye mikeka, na katikati Mama Felisi, mdogo kama msichana wa komunyo, akiwa amefungwa kitambaa kichwani. Ilipofika saa ya ushuhuda, mtu mmoja alisema marehemu alipenda maua, mwingine alisema alikuwa na afya. Nikasimama. Nikakaza kitenge kiunoni, mimi bibi wa wajukuu sita. Nikasema, "Mimi ni Marceline wa mashindano ya ziwa. Niligusa. Papa Silvestre alisema kweli, na mimi nikasema sikumbuki. Nilikuwa nakumbuka. Leo pia nakumbuka." Nilikuwa nimejitayarisha kwa kelele. Hakuna aliyepiga kelele. Wengi waliomwita jina lile walikuwa makaburini tayari, na vijana walitazamana wakiulizana mashindano gani. Mtu alikohoa. Sufuria ya chai ilipita.

Mama Felisi alinivuta kitenge mpaka nikakaa kando yake.

"Weye haukufuata ule mutumbu," alisema sikioni mwangu. "Eye njo alikuletea. Alinielezea ile siku yenyewe, analia. Alisema, niliona muguu ya mutoto inashuka kutafuta chini, nikajua ni minye nilimufundisha vile, mu mayi yenye kuisha. Akapiga kasia mbili, akakuwekea mutumbu mu mukono."

Nilimwona tena Papa kushoto kwangu, mbali, kama ilivyoamriwa. Miaka yote niliamini kwamba mimi ndiye niliyeufuata ule mtumbwi.

"Juu ya nini hakusema, mama? Pale mbele ya bote?"

"Balimuuliza kama uligusa. Uligusa. Nani aliyesogea, hakuna mwenye alimuuliza." Aliniweka mkono gotini, lile lenye kovu, bila kujua au akijua. "Alikuwa anasemaka, siku Marceline atakuya, minye nikiwa sipo, umwambie anisamehe. Basi nimekwambia."

Nilikuwa nimepanda gari kutoka Lubumbashi nimebeba msamaha wa kuomba, na sasa nilikuwa nimeombwa. Mama Felisi akanisogezea sahani, bukari na samaki wa thomson mwenye nyanya nyingi, akaniambia nile kabla haijapoa. Nikanawa mikono, nikala.